Mama amehamia gesi baada ya miaka 30 ya kuni: je, mapafu yake yatarudi?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61 na hajawahi kuvuta sigara. Tangu sijazaliwa amekuwa akikaanga mihogo na samaki wa biashara kwa kuni, ndani ya kibanda cha mabati. Mwaka jana tulimnunulia mtungi wa gesi, ila maharage na makande bado anachemsha kwa mkaa. Asubuhi anakohoa sana, na akipanda ngazi anahema mpaka asimame. Jirani anatuambia mapafu hujisafisha yenyewe, tusubiri tu. Ni kweli? Halafu mimi nina watoto wawili, wa miaka 6 na 9, na tumepanga kando kabisa ya Barabara ya Kilwa. Kuhama kuna faida yoyote, au kilichoingia kimeshaingia? (Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam)

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni na mama.

Kabla ya habari za moshi, mama aende kituo cha afya akapime makohozi. Kikohozi kilichovuka wiki mbili hapa kwetu ni cha kushukiwa kifua kikuu mpaka kipimo kiseme sivyo, na kwenye vituo vya serikali kipimo hicho ni bure. Wampime na presha, na wamsikilize moyo, maana moyo uliochoka humhemesha mtu kwenye ngazi sawasawa na mapafu yaliyochoka. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu nimewaona akina mama wengi ambao familia nzima ilishakubaliana kwamba "ni moshi tu wa jikoni", kumbe ndani kuna ugonjwa mwingine wenye dawa yake, na miezi inapita.

Sasa swali lenyewe. Jirani yako hajasema uongo, ila amechanganya mambo mawili. Mapafu hujisafisha, lakini hayajirudishi.

Njia za hewa zimetandazwa ute, na chini ya ute huo kuna vinyweleo vidogo mno ambavyo usiku na mchana vinausukuma kuelekea kooni, pamoja na vumbi lililonasa. Ndiyo makohozi yale meusi anayotema mtu baada ya kupika kwa kuni. Vumbi kubwa huishia hapo, na kwa hilo jirani yuko sahihi. Kinachotusumbua ni chembe ndogo zaidi, zile zisizozidi upana wa mikromita 2.5, ambazo wapimaji wa hewa huziita PM2.5. Unywele mmoja wa kichwani una upana wa mikromita 50 hadi 70, kwa hiyo moja moja hutaziona kamwe. Zikiwa nyingi ndipo unaona weupe wa moshi. Hizi huvipita vinyweleo na kushuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho kabisa, pale hewa inapokutana na damu. Vinyweleo havifiki huko. Kuna seli za ulinzi zinazozimeza, na kila zinapozimeza zinamwaga kemikali za uvimbe, nyingine zikaishia kwenye damu. Moshi ukiwa wa siku moja, uvimbe unatulia. Ukiwa wa asubuhi na jioni kwa miaka 30, hautulii. Kuta za njia za hewa zinanenepa, zinaota makovu, njia inabana. Madaktari tunauita ugonjwa huo COPD. Vitabu vingi vinaueleza kama ugonjwa wa wavuta sigara, lakini katika nchi za kuni na mkaa mgonjwa wake mara nyingi ni mwanamke ambaye hajawahi kushika sigara. Na ugonjwa wake una sura yake: makovu mengi zaidi kwenye njia za hewa, na vifuko vya mwisho vimebomoka kidogo kuliko vya mvutaji.

Kovu halifutiki. Ila usikate tamaa kwa sentensi hiyo, kwa sababu mapafu ya mtu mzima hata asipopika yanapungua nguvu. Kilele chake ni kwenye miaka ya ishirini na kitu, na kuanzia hapo kiasi cha hewa unachoweza kupuliza kwa nguvu katika sekunde moja hupungua kwa mililita 25 hadi 30 hivi kila mwaka. Kwa mvutaji sigara upungufu huo unaweza kufika maradufu. Waliofuatiliwa baada ya kuacha sigara walionyesha jambo ambalo kwangu ndilo la msingi katika somo hili lote: kilichopotea hakikurudi, lakini kasi ya kupotea ilirudi karibu na ya mtu wa kawaida. Hilo ndilo la kumtakia mama. Mtu wa miaka 61 anayepungua taratibu anaweza kufika 80 akienda sokoni kwa miguu yake. Anayepungua kwa kasi, kwenye 70 atakuwa anahema akivaa viatu.

Kuna upande mwingine ambao watu huusahau kwa sababu moshi huingia kupitia pua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Ukigawanya vifo hivyo kwa magonjwa, asilimia 32 ni ya moyo, 23 ni kiharusi, 21 ni nimonia na maambukizi mengine ya njia za chini za hewa, 19 ni COPD, na 6 ni saratani ya mapafu. Yaani zaidi ya nusu ni moyo na mishipa. Kemikali za uvimbe nilizozitaja hukausha ulaini wa mishipa, hufanya damu igande upesi, na mafuta yaliyoganda kwenye kuta za mishipa huwa tayari kupasuka. Na upande huu, tofauti na makovu, una habari njema za haraka.

Tumejuaje? Hakuna mtafiti anayeruhusiwa kumfungia mtu kwenye moshi miaka 20 ili aone kitakachotokea. Kwa hiyo elimu hii nyingi imetokana na ajali za historia, kiwanda kufungwa, sheria kupitishwa, mji kusafishwa kwa sababu zake wenyewe, na watu wenye subira waliokuwa wakiandika takwimu muda wote huo.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya bonde la Utah, Marekani. Kulikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma ambacho kilifungwa kuanzia Agosti 1986 mpaka Septemba 1987 kwa sababu ya mgogoro wa wafanyakazi na mwajiri. Hakuna aliyekifunga kwa ajili ya afya ya mtu. Mchumi mmoja wa pale, Arden Pope, akapekua daftari za hospitali: katika majira ya baridi ambayo kiwanda kilikuwa kikifanya kazi, watoto waliolazwa kwa kifua na pumu walikuwa mara mbili hadi tatu ya wale wa majira ambayo kilikuwa kimefungwa. Miaka mingi baadaye watafiti wengine wakatoa ghalani vichujio vilivyonasa vumbi la miaka hiyo, wakatengeneza mchujo wa maji wa vumbi hilo, wakaweka kiasi kidogo kwenye mapafu ya watu waliojitolea. Vumbi la wakati kiwanda kinafanya kazi lilileta uvimbe zaidi kuliko lile la wakati kimefungwa. Sijui kama leo kamati ya maadili ingekubali tena, lakini ilimaliza ubishi mwingi.

Hiyo ilikuwa habari ya mwaka mmoja. Ya miaka mingi ilitoka kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliofuatilia watu wazima 8,111 katika miji sita ya Marekani tangu miaka ya 1970. Matokeo ya kwanza, mwaka 1993, yalionyesha kwamba ukishaondoa tofauti za sigara, umri na kazi, wakazi wa Steubenville, mji wa viwanda vya chuma, walikuwa wakifa kwa kiwango cha asilimia 26 juu ya wakazi wa Portage, mji mdogo wenye hewa safi. Wenye viwanda walipinga sana. Lakini watafiti hawakuondoka. Waliendelea kuwafuatilia watu walewale wakati hewa ya miji ile inasafishwa, na mwaka 2006 wakatoa jibu la swali lako hasa: pale PM2.5 iliposhuka, vifo navyo vilishuka, kwa watu ambao tayari walikuwa wameshavuta hewa chafu miongo kadhaa. Uchambuzi uliofuata mwaka 2008 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya faida huonekana ndani ya miaka miwili tu. Mwaka 2009 Pope na wenzake wakalinganisha wilaya zaidi ya 200 za Marekani na kukadiria kwamba kila mikrogramu 10 za PM2.5 zilizopungua kwenye mita ya ujazo ya hewa ziliongeza wastani wa miezi saba hivi ya maisha.

Miaka miwili haitoshi kufuta kovu, lakini inatosha kwa mishipa kutulia. Kule nyanda za juu za Guatemala, wanawake waliokuwa wakipika kwa moto wa wazi walipopewa majiko yenye bomba la moshi, namba ya juu ya presha yao ilishuka kwa karibu pointi 4, hata kwa muda mfupi wa utafiti. Pointi 4 zinaonekana ndogo mkononi mwa nesi, lakini ni jambo kubwa kwa mwanamke wa miaka 61 aliye kwenye umri wa kiharusi.

Kwa upande wa mapafu yenyewe, mfano unaomfanana mama kuliko yote uko China, wilaya ya Xuanwei, jimbo la Yunnan. Wanawake wa pale karibu wote hawavuti sigara, lakini saratani ya mapafu ilikuwa ikiwaua zaidi kuliko ilivyowaua wanawake wa sehemu nyingine za China. Walikuwa wakichoma makaa ya mawe yenye moshi mwingi kwenye shimo katikati ya nyumba, bila bomba. Kuanzia mwaka 1976 kaya zikaanza kuweka majiko yenye bomba la kutolea moshi nje. Watafiti walifuatilia wakulima zaidi ya 21,000. Waliobadilisha jiko walipata saratani ya mapafu pungufu kwa asilimia 41 kwa wanaume na 46 kwa wanawake, na COPD nayo ilipungua. Ila angalia muda: faida ilianza kuonekana wazi baada ya miaka kumi hivi. Moyo unashukuru ndani ya miaka miwili, saratani inangoja kumi. Ndiyo maana sipendi kumsikia mtu akisema "tumebadilisha jiko mwaka mzima sasa na mama bado anakohoa, gesi haina maana".

Sasa niseme lisilopendeza, ambalo wauza majiko hawalisemi.

Kule Malawi watoto zaidi ya 10,000 waliwekwa kwenye utafiti mkubwa: nusu ya kaya zilipewa majiko bora ya kuni yenye feni, nusu zikaendelea na mafiga. Baada ya miaka miwili nimonia haikupungua. Matokeo yalitoka mwaka 2017 na yaliwashtua wengi waliokuwa wametumia fedha nyingi kwenye majiko bora. Kilichopungua ni watoto kuungua moto, jambo zuri lenyewe, lakini sicho kilichokusudiwa. Ukaja utafiti mwingine wa gesi yenyewe, katika nchi nne: Guatemala, India, Peru, na jirani zetu Rwanda, wilaya ya Kayonza. Kaya karibu 3,200 zenye mama mjamzito. Nusu walipewa jiko na gesi bure mpaka mtoto atimize mwaka. PM2.5 aliyokuwa akiivuta mama ilishuka kwa karibu theluthi mbili. Uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana. Nimonia kali ya watoto wachanga nayo haikupungua kwa kiwango cha kuthibitika.

Je, moshi hauna madhara basi? Unayo. Ninavyoielewa mimi, na wenzangu wengi, tatizo ni umbo la madhara yenyewe. Madhara hayaongezeki kwa mstari ulionyooka. Yanapanda kwa kasi sana kwenye hewa yenye uchafu kidogo, kisha huko juu kwenye moshi mzito yanakaribia kuwa tambarare. Mama anajua sufuria ya mchuzi iliyomwagikiwa vijiko kumi vya chumvi: ukifanikiwa kuondoa vitano, bado hauliki. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake cha PM2.5 cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo. Wale akina mama wa gesi walibaki kwenye mikrogramu 24 hivi, kwa sababu hewa ya mtaa bado ilikuwa na moshi wa majirani, wa taka, wa barabara. Kupunguza kuni nusu kunakupa faida iliyo pungufu ya nusu. Faida kubwa iko kwenye hatua za mwisho, zile ambazo watu wengi huziacha wakidhani kazi imekwisha.

Ndiyo maana yale maharage na makande yananisumbua kuliko unavyodhani. Tatizo si mama mkaidi. Anafanya hesabu sahihi: maharage ya saa mbili au tatu kwenye gesi ni mtungi unaokwisha kabla ya mwezi. Lakini saa hizo ndizo ndefu kuliko zote jikoni. Mkaa nao unadanganya, kwa sababu ukishashika vizuri hautoi moshi wa kuonekana, watu wakauona msafi. Chembe zake ni chache kuliko za kuni, ni kweli, lakini unatoa kaboni monoksaidi nyingi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoishika hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kama kichwa humuuma mama jioni akishachemsha makande, huenda kinatoka hapo. (Na jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa hata usiku mmoja, hata likionekana limezima. Kila msimu wa baridi Nyanda za Juu watu hulala nalo na hawaamki.)

Suluhisho la maharage, kama umeme wenu ni wa kuaminika, ni sufuria ya presha ya umeme. Inapika maharage kwa chini ya uniti moja. Nakubali bei yake ya kununua inauma, lakini weka karatasi mbele ya mama, mpige hesabu ya debe la mkaa kwa miezi sita, muone. Kama umeme unakatika ovyo, basi kuloweka maharage tangu jana yake na sufuria ya presha ya kawaida juu ya gesi kunapunguza muda sana. Kama mkaa lazima, jiko liwashwe nje, liwekwe chini ya kivuli likishashika. Dakika za kuwasha ndizo chafu kuliko zote.

Kibanda cha mabati nacho kisisahaulike kwa kuwa sasa kuna gesi. Mafuta ya kukaangia yanayotoa moshi ni moshi pia; shirika la kimataifa la utafiti wa saratani linaweka mvuke wa kukaanga kwa moto mkali kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Anayekaanga samaki mara moja kwa wiki asihangaike. Mama anakaanga kila siku kwa biashara. Toeni bati moja au mawili ya upande wa juu, hewa ipite pande mbili, na mafuta yakianza kufuka apunguze moto.

Na kwa kuwa tumeingia nyumbani, nitaje na vitu vidogo. Ile dawa ya mbu ya kuchoma: watafiti walipima mwaka 2003 wakakuta kuchoma mzunguko mmoja wa dawa hiyo kunatoa chembe ndogo sawa na za sigara 75 hadi 137. Chandarua kinafanya kazi hiyo bila kuchafua hewa. Koroboi ya mafuta ya taa, kama bado ipo, iondoke. Taka za uani zisichomwe, hasa plastiki. Udi na ubani sitathubutu kuwakataza watu wa Pwani, mimi mwenyewe nyumbani kwangu haiwezekani. Lakini chumba anacholala mwenye pumu au mama mwenye kifua hicho, kifukizwe asubuhi, madirisha wazi, wenyewe wakiwa nje.

Nije kwa watoto, na hapa nina jambo la kukufurahisha.

Mapafu ya mtoto bado yanajengwa, na yanaendelea kujengwa mpaka mwishoni mwa ujana. Hewa chafu kwa mtoto inaharibu kilichopo na pia inapunguza kile ambacho kingejengwa. Kusini mwa California wamefuatilia hili tangu miaka ya 1990, makundi matatu ya watoto waliokulia katika miji ileile mitano kwa vipindi tofauti, wakati hewa ya miji hiyo inasafishwa kwa sheria za magari na bandari. Kwa kundi la kwanza, lililofikisha miaka 15 mwaka 1998 hivi, watoto asilimia 7.9 walikuwa na mapafu dhaifu kupita kiasi kwa umri wao. Kundi la pili, 6.3. Kundi la tatu, lililofika umri huo mwaka 2011, asilimia 3.6. Ni miji ileile, na hata watoto wenye pumu walinufaika. Katika utafiti huohuo, watoto waliokuwa wakiishi ndani ya mita 500 za barabara kuu walikua wakiwa na mapafu madogo kuliko walioishi zaidi ya kilomita moja na nusu. Na kuna kipande kidogo kilichofanywa kana kwamba kwa ajili yako: walitafuta watoto 110 waliohama na familia zao. Waliohamia hewa safi zaidi, mapafu yao yaliongeza kasi ya kukua. Waliohamia hewa chafu zaidi, kasi ilipungua.

Kwa hiyo kwa watoto wa miaka 6 na 9, hapana, kilichoingia hakijamaliza mambo. Wana miaka kumi na zaidi ya ujenzi mbele yao, na hiyo ndiyo miaka ya kuipigania.

Hewa ya Dar es Salaam imebadilika pia, na si yote kwa ubaya. Ulivyokuwa mdogo, petroli ilikuwa na risasi, ile madini, inayodumaza ubongo wa mtoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka kwenye vituo vyetu. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zikashusha salfa kwenye dizeli mpaka sehemu 50 kwa milioni. Haya ni mafanikio makubwa na hayasherehekewi. Tatizo ni kwamba dizeli safi kwenye lori chakavu bado inatoa masizi, na malori na daladala vimeongezeka kuliko mafuta yalivyosafishwa. Msimame mlangoni kwenu saa moja asubuhi mtayaona wenyewe.

Sikwambii uhamie mji mwingine. Moshi unaotoka kwenye magari yenyewe hupungua kwa kasi ukiiacha barabara. Ukifika mita 150 hadi 200 ndani, sehemu kubwa ya masizi imeshatawanyika. Hiyo ni mitaa miwili mitatu nyuma, huenda hata kodi ni nafuu zaidi. Kabla ya kulipa, nenda kaangalie chumba jioni, saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, wakati kila mtu anawasha jiko. Ukikuta jirani ana banda la kuchoma chipsi kwa kuni chini ya dirisha, au jalala linalofuka, utakuwa umeruka majivu. Kama kuhama hakuwezekani mwaka huu, watoto walale chumba cha upande wa nyuma, dirisha la barabarani lifungwe asubuhi na jioni magari yanaposongamana na lifunguliwe katikati ya mchana na usiku, na njia ya kwenda shule ipite mtaa wa ndani hata ikiwa ndefu kidogo. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi, usiwape watoto shida bure.

Turudi kwa mama. Makohozi yakiwa safi na moyo uko sawa, aombe rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa au zaidi, kufanya kipimo cha spirometria. Anapuliza kwa nguvu kwenye mashine, halafu anapewa dawa ya kufungua njia za hewa, anapuliza tena. Kama ni pumu iliyojificha, namba zitapanda sana baada ya dawa na habari itakuwa nzuri mno. Kama ni COPD, kuna dawa za kuvuta za kila siku zinazopunguza kuhema na kulazwa, na kuna mazoezi: kutembea kila siku mpaka apate kuhema kidogo, apumzike, aendelee. Wengi wanawaambia wagonjwa wa kifua wapumzike tu. Ni ushauri mbaya. Misuli ikilegea, ngazi zilezile zinakuwa ndefu zaidi.

Akishapima, angalia kwenye karatasi ile hewa ya sekunde moja ikigawanywa kwa hewa yote aliyopuliza, baada ya dawa. Ikiwa chini ya asilimia 70, niandikie tena, uniambie na ile namba ya sekunde moja peke yake ni asilimia ngapi ya inayotarajiwa kwa umri na urefu wake. Hapo nitaweza kukueleza ni dawa za aina gani za kumuuliza daktari wake. Na kipimo kirudiwe baada ya mwaka, mkaa ukiwa umeondoka kabisa.